Kazi ya gemu ya maandishi iko kwenye majibu ya makosa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na nakuomba mapema usiikate sana hii barua maana jambo lenyewe ukilitazama kwa mbali ni dogo, ila ukiligusa lina mizizi mirefu. Gazeti lenu linaandika sana habari za gemu, zile za picha kali, magari na mpira, sawa, zina watu wake. Lakini kuna aina moja sijawahi kuiona kwenye kurasa zenu hata mara moja, nayo ni gemu ya maandishi matupu, ile ambayo kompyuta inakuandikia uko wapi na unaona nini, na wewe unataipu unachotaka kufanya, chukua taa, nenda kaskazini, fungua sanduku, basi inakujibu. Hakuna picha, hakuna mlio. Mimi nazitengeneza kwa Kiswahili miaka kadhaa sasa, na leo nataka niongelee kitu kimoja tu ambacho naona karibu kila anayeanza anakikosea, na mimi nilikikosea vilevile: mafumbo ya kuunganisha vitu viwili.

Ngoja nitoe mfano tuwe pamoja. Mchezaji yuko chumba cha chini ya ardhi, sakafuni kuna shimo limefunikwa wavu wa chuma wenye matundu mapana, na kule chini kabisa kuna ufunguo wa chuma unang'aa, mkono haufiki. Mkononi ana kamba, sumaku, taa, chupa ya maji na fimbo. Jibu nililolikusudia ni afunge sumaku kwenye kamba, aiteremshe, inase ufunguo, avute. Fumbo la kawaida kabisa, tena la zamani.

Sasa anayeanza kuprogramu anafanyaje? Anaandika mstari mmoja: kama kitu cha kwanza ni kamba na cha pili ni sumaku, basi tengeneza kitu kipya kinaitwa kamba yenye sumaku. Vingine vyote, andika "Huwezi kuunganisha vitu hivyo." Amemaliza, anaenda fumbo linalofuata. Kosa la kwanza linajitokeza hapohapo, mchezaji akiandika sumaku kwanza halafu kamba, programu inamkatalia, kwa sababu mpangilio umegeuka. Hilo dawa yake ni rahisi, kabla ya kutafuta jibu yapange majina mawili kwa alfabeti, hivyo kamba na sumaku itabaki kamba na sumaku hata ikiandikwa kinyume, na kwa wanaotumia lugha ya programu ya Python ipo frozenset, aina ya seti ambayo haijali mpangilio kabisa. Ila angalia, siyo kila kitenzi kinakubali hivyo. Kuunganisha A na B ni sawasawa na B na A, lakini kumimina mafuta kwenye maji siyo sawa na kumimina maji kwenye mafuta, na kuweka kisanduku ndani ya begi siyo sawa na begi ndani ya kisanduku. Kwa hiyo hiyo sheria ya kupanga majina iwe ya vitenzi vya kuunganisha tu.

Hilo tuliache, siyo lililonifanya niandike barua. Lililonifanya niandike ni lile "Huwezi kuunganisha vitu hivyo."

Nilimpa ndugu yangu mmoja acheze hiyo gemu yangu, mimi nimekaa pembeni kimya. Alifika kwenye shimo, akasoma maelezo yote taratibu, akachunguza kila kitu alichobeba, halafu akataka kugusisha sumaku kwenye fimbo. Programu ikamjibu huwezi. Akaandika tena kwa namna nyingine, huwezi. Akaniangalia akaniuliza, mbona fimbo ina ncha ya chuma? Na kweli, mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika kwenye maelezo ya fimbo kwamba ina ncha ya chuma, nimeiweka kama pambo tu ili fimbo isiwe fimbo tupu, na yeye akasoma akafikiri vizuri kuliko mimi, sumaku inashika chuma, fimbo ni ndefu, kwa hiyo fimbo na sumaku inatosha, kamba ya nini? Alikuwa sahihi kabisa kwa mujibu wa dunia niliyoiandika mwenyewe, na dunia hiyohiyo ikamwambia amekosea. Akaacha kucheza. Hakukasirika wala nini, aliacha tu, na mimi nikaelewa kwamba kuanzia dakika ile hakuwa anaiamini tena ile gemu, maana kama kitu cha akili namna ile kinakataliwa bila sababu, basi kinachobaki ni kubahatisha nilichokuwa nacho kichwani mimi mtunzi.

Hapo ndo nilipokaa nikapiga hesabu. Ukiwa na vitu 10 kwenye gemu, jozi zinazowezekana ni 45. Vitu 20, jozi 190. Vitu 30, jozi 435, na ukifika 50 una jozi 1,225, hapo bado hujaweka vitenzi tofauti, na bado hujafikiria mtu anayetaka kuunganisha vitatu kwa pamoja, maana kwa vitu 30 makundi ya vitatu ni 4,060. Kati ya hizo jozi 435 labda sita au saba ndo mafumbo yako halisi. Maana yake mchezaji muda wake mwingi kabisa anaishi kwenye zile zingine mia nne na zaidi, kule ambako mtunzi ameandika sentensi moja ya uvivu. Jibu sahihi atalipata mara moja tu kwenye maisha ya gemu ile, majibu ya makosa atayasoma jioni nzima. Sasa kwa nini nguvu zetu zote tunazimalizia kwenye lile moja?

Najua mtu atasema huwezi kuandika majibu 435 kwa mkono. Kweli, na wala haitakiwi. Namna ninayofanya sasa hivi ni kuwa na tabaka. Programu ikipokea jozi, inatafuta kwanza kama hiyo jozi kamili ina jibu lake kwenye jedwali. Isipopata, inatazama sifa za vitu badala ya majina yao, yaani kila kitu nimekipa sifa zake, kirefu, cha chuma, kinavuta chuma, kinawaka moto, kina ncha kali, kinashika maji, kinavunjika, na sheria zinaandikwa kwa sifa hizo: chochote kinachovuta chuma kikikutana na chochote cha chuma, vinashikana. Sheria moja ya namna hiyo inabeba jozi kibao, ikiwemo ile ya fimbo niliyoikosa. Isipopata hapo pia, inaangalia kitu kimojakimoja, je taa ina neno la kusema mtu akijaribu kuichanganya na chochote? Ina, "Taa inayumba, mwanga unatikisika ukutani, unairudisha mkononi kabla haijazimika." Mwisho kabisa ndo linakuja jibu la jumla, na hata hilo la jumla nayaweka matano sita yanazunguka na yanataja majina ya vitu husika, ili mchezaji aone kwamba kompyuta imemwelewa na tatizo liko kwenye wazo siyo kwenye sentensi.

Hiyo tofauti naomba niikazie. Mchezaji anapokataliwa kuna mambo mawili tofauti kabisa yanaweza kuwa yametokea, ama programu haikuelewa maneno yake, ama imeelewa ila jambo haliwezekani kwenye ile dunia. Ukimjibu kwa sentensi moja kwa yote mawili unamwacha gizani, hajui abadilishe maneno au abadilishe wazo. Nimeona watu wanaandika kitu kilekile kwa namna nane tofauti wakidhani ni shida ya lugha, kumbe kamba ile haina kazi pale.

Na jibu zuri la kukataa ni dalili, linamsogeza mtu. Hili wala sijaligundua mimi, lipo tangu mwanzo wa hizi gemu. Will Crowther alipoandika Colossal Cave Adventure kwa lugha ya programu ya Fortran kwenye kompyuta ya PDP-10, miaka ya 1975 na 1976, na Don Woods akaiongezea mambo mengi mwaka 1977, gemu ile ilikuwa inaelewa maneno mawili tu, kitenzi na kitu, kwa hiyo hukuweza hata kuiambia uunganishe hiki na kile. Lakini mafumbo ya vitu kukutana yalikuwemo. Kuna ndege mdogo pangoni, unamhitaji, na kumbeba lazima uwe na kizimba cha kumtia. Sasa ukiwa umeshika ile fimbo nyeusi uliyoiokota njiani, ndege hakamatiki. Gemu haikwambii huwezi halafu basi, inakueleza kwamba ulipoingia ndege hakuwa na hofu, ila unavyomkaribia anahangaika. Soma tena hiyo. Kuna kitu ulichonacho kinamtisha, ndo maana yake, na mtu akitulia ataanza kuweka vitu chini kimojakimoja mpaka afike kwenye fimbo. Kukataliwa kwenyewe ndo kumebeba ufumbuzi. Halafu mwaka huohuo wa 1977 vijana wa chuo cha MIT kule Marekani wakaanza gemu ya Zork ambayo ilielewa sentensi ndefu, fanya hiki kwa kutumia kile, na hapo mlango wa kuunganisha vitu viwili kwa amri moja ukafunguka, pamoja na mzigo wake wote wa majibu.

Kwenye upande wa programu yenyewe kuna mpangilio mmoja naupenda sana nao umetulia ndani ya Inform 7, ile lugha ya kutengenezea gemu za maandishi iliyotolewa na Graham Nelson mwaka 2006. Kila tendo linapita hatua: kwanza kukagua kama linaruhusiwa, kisha kutekeleza, kisha kuripoti kwa maneno. Hata kama unaandika kwa lugha nyingine kabisa nakushauri uibe huo mpangilio, maana hitilafu mbaya nilizowahi kuzalisha zote zilitokana na kuchanganya hizo hatua. Nilikuwa naiondoa kamba kwenye vitu vya mchezaji kwanza, halafu ndo nakagua kama sumaku anayo. Kama hana, jibu linasema huna sumaku, na kamba nayo imeshapotea, mtu anabaki anaitafuta kwenye vyumba vyote. Au kinyume chake, kamba yenye sumaku imetengenezwa lakini kamba ya mwanzo haikufutwa, sasa mchezaji ana kamba mbili kutoka kwenye moja. Kwenye jedwali langu la sasa kila mstari lazima useme kitenzi, vitu viwili au sifa zake, sharti gani litimie kwanza, nini kinatoweka, nini kinazaliwa, na maneno ya kuonyesha. Mstari ukikosa kimojawapo programu haiwaki kabisa. Imeniokolea siku nyingi.

Sasa nije kwa Kiswahili, maana hapa ndo penye utamu na ndo sababu nawaandikia ninyi gazeti la Kiswahili. Watu wananiambia lugha yetu ni ngumu kwa kompyuta kuisoma. Ngumu kiasi, sikatai. Chukua neno "na". Mchezaji akiandika chukua kamba na sumaku anataka vyote viwili, akiandika unganisha kamba na sumaku anataka vikutane, na wapo wanaoandika fungua sanduku na ufunguo huku wakimaanisha kwa ufunguo. Neno moja kazi tatu. Suluhisho langu ni kumuachia kitenzi aamue: chukua, tupa, chunguza, hao "na" yao ni ya kuorodhesha, unganisha, fungia, changanya, hao ni ya kukutanisha, na fungua, kata, washa nikikuta "na" naijaribu kama "kwa" kwanza, kama hicho cha pili ni chombo. Halafu kuna "ni" ya mahali mwisho wa neno, weka sumaku shimoni, tia kamba sandukuni, programu inabidi ijue shimoni ni shimo. Ila usikate "ni" kienyeji tu, utapata "saha" badala ya sahani na "sabu" badala ya sabuni. Tafuta neno zima kwenye kamusi ya gemu kwanza, likikosekana ndo ukate.

Lakini kuna mambo ambayo lugha yetu inatupa bure na wenzetu wa lugha nyingine wanayahangaikia. Mtu akisema kichukue, lifungue, iwashe, ile silabi ya mwanzo imeshakwambia anaongelea kundi gani, ki ni kisu siyo taa, li ni sanduku siyo kisu. Anayeandika kwa Kiingereza ana neno moja kwa vitu vyote, programu inabaki kubahatisha. Sisi tunabahatisha ndani ya kundi dogo tu, kama kamba na sumaku ambavyo vyote ni i, hapo nachukua kilichotajwa mwisho. (Tahadhari moja kwa watakaojaribu: uchukue taa, ile u siyo ufunguo, ni wewe unayeambiwa kwa upole, kwa hiyo ukikuta jina limefuata na siyo la kundi la u, iache.)

Na hili ndo limenifurahisha kuliko yote, nililigundua usiku nikipanga orodha ya vitenzi. Funga ina fungua. Bandika ina bandua. Chomeka ina chomoa, ziba ina zibua, kunja ina kunjua, tega ina tegua, fukia ina fukua. Yaani kwa matendo mengi ya namna hii lugha yenyewe imekuwekea pacha wake wa kutengua, na mchezaji anayeongea Kiswahili akishafunga sumaku kwenye kamba tayari kichwani mwake anajua inafunguka. Kwa hiyo gemu ikimruhusu kufunga isimruhusu kufungua imevunja lugha. Sasa jedwali langu linalazimisha, ukiandika mstari wa bandika, programu inaudai mstari wa bandua. Ile kazi ya kumrudishia mchezaji kamba yake akiihitaji kwa kushukia chumba cha chini, ambayo nilikuwa naisahau kila mara, sikuhizi haisahauliki.

Tazama na vile visivyo na pacha. Vunja. Kata. Mimina. Teketeza. Hivi ukishafanya umefanya, na ndivyo vinavyoua gemu kimyakimya: mchezaji anateketeza kamba kwa moto wa taa ili aone itakuwaje, gemu inamruhusu, anaendelea kucheza saa mbili nzima bila kujua kwamba ule ufunguo hatoupata tena milele. Zamani watunzi wengi waliona hiyo ni sehemu ya ugumu. Mimi naikataa kabisa. Kama kitu bado kina kazi mbele, basi kitenzi cha namna hiyo kikataliwe kwa sababu inayoeleweka ndani ya hadithi, kamba imelowa haishiki moto, au kuwe na njia ya pili kama ile ya fimbo, au angalau mtu aambiwe palepale kwamba ameharibu na apewe nafasi ya kurudi hatua moja nyuma. Kuhifadhi hali ya hatua iliyopita kwenye kumbukumbu siyo kazi kubwa, gemu nzima ya maandishi ni data kidogo mno, unanakili orodha ya vitu na vilipo na hali zao, basi.

Niliwahi kuambiwa na mwalimu mmoja wa kompyuta kwamba hizi gemu ni za kitoto na hazimfundishi mtu kitu cha maana. Iliniuma, na bado naona hakuwa sahihi. Kwenye fumbo moja la kamba na sumaku mwanafunzi anagusa majedwali ya data, hali za vitu, sheria mahsusi kutangulia za jumla, kukagua kabla ya kutenda, kuchambua sentensi, na juu ya yote anajifunza kumfikiria mtu mwingine atakayeketi mbele ya ile skrini akiandika kitu ambacho yeye hakukitegemea. Nani mwingine anamfundisha hilo mapema hivyo? Tena haihitaji mashine yenye nguvu wala mtu wa kuchora picha.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Hiyo safu yenu ya teknolojia, siku moja moja iache simu mpya ipumzike, mchapishe chumba kimoja tu cha gemu ya maandishi, maelezo ya aya moja na orodha ya vitu vitano, muwaombe wasomaji watume wangejaribu kuunganisha nini na nini. Vitu vitano ni jozi kumi tu. Niko tayari kuandika majibu yote kumi mwenyewe bila malipo, na kila jozi nitaijibu kwa sentensi yake.

Naishia hapa kwa sababu ndugu yangu yule amekubali kuirudia ile gemu, na jana kaniandikia kwamba amejaribu kuitumbukiza sumaku kwenye chupa ya maji kisha akaziba chupa. Jibu la hiyo sina. Ngoja nikaliandike, na la kuzibua pia.

Ni mimi msomaji wenu,
Mtengeneza gemu za maandishi